Mnanaa wa Fortunata

Debora wewe, acha unachofanya. Fortunata leo kamfuma mama mkwe wake akichuma mnanaa kwenye zile ndoo alizoanza kupandia barazani, anaufunga kwenye kitenge!

Kumbe majani yalikuwa yanaishia kwake. Na Fortunata alikuwa anashuku kuku wa jirani!

Akamuuliza, "Mama, si ungeniomba tu?"

"Nikuombe dawa unayomlisha mwanangu?"

DAWA, Debora! Eti anampelekea mganga aitambue.

Fortunata akachuma, akatafuna mbele yake, akachemsha chai ya mnanaa, akanywa wa kwanza. Mama mkwe kagoma, kapanda basi kurudi Namanyere.

Kinachomuuma ni mumewe. Zenon alikuwepo, akamwambia, "Mama amezeeka, msamehe."

Ila kikombe chake cha ile chai hakukigusa.