Jina Lako Bado Limo

Dada yangu,

Huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua kama kawaida, na paka wako amenenepa hadi dirisha la jikoni limemshinda.

Mkuu wetu wa ofisi alitaka kujua nani anafanya kazi na nani anakula mshahara wa bure. Nikaandika skripti fupi ya kompyuta: kila asubuhi inataja walioingia kwenye kompyuta kuu na programu wanazoendesha. Siku ya kwanza tu, jina lako hilo! Uliondoka bila kuaga, simu hupokei, kumbe huko uliko bado unaingia kazini kwetu. Nilikwenda mbio kumwambia mama. Tangu hapo, hata salamu yangu haitikii kwanza. Huniuliza, "Dada yako yupo?" Nikisema yupo, ndipo anakunywa chai.

Juzi nikaichunguza programu yako. Ni ile uliyoiacha ikinakili mafaili ya ofisi, nawe hukutoka kwenye kompyuta kuu ulipomaliza kazi. Inajiendesha yenyewe. Tangu uondoke, hakuna mkono uliogusa chochote.

Leo mkuu ameniamuru niizime. "Mwenyewe hayupo," akasema, "unamtunzia nani?"

Barua hii naiacha kwenye folda yako, maana anwani nyingine sina. Programu nimeshaizima, dada. Jina lako limetoweka hapo hapo, kama vile lilikuwa linangoja ruhusa.

Mama amepiga simu sasa hivi. Nimemwambia upo, ila leo una kazi nyingi.

Mdogo wako,
Mbishi