Draya ya Mama na Jua la Kiritiri

Mama,

Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, lakini kukaa kwenyewe siwezi. Nikiandika mstari mmoja nainuka, nageuza nepi zilizo juu ya kamba, nachungulia sufuria ambayo haina haja ya kuchunguliwa, narudi. Leo wanagawa vitu vyako. Tata Rwamba, dada yako, alisema tungoje ukungu uinuke kidogo ndipo watu waitwe wakae. Wewe unaujua ukungu wa Kianjokoma mwezi wa saba. Ukiungoja uinuke unaweza kuzeeka.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Kiembu chetu ni cha mdomo tu, nikikiandika kalamu inakwama. Na Kiingereza kingefanya nikuandikie kama najibu swali la mtihani, na sina jibu lolote.

Wacha nikupe habari kwanza. Dada Wanja amejifungua. Mumewe yuko kazini mbali, kwa hivyo alikuja kujifungulia karibu na nyumbani, na yuko hapa chumba cha pili. Ni msichana tena. Na kwa kuwa ni wa pili, unajua mwenyewe jina lilikuwa la nani. Mama, kuna mtu mdogo hapa anaitwa Marigu, jina lako. Siku ya kwanza Wanja alipopiga kelele, "Marigu amekojoa tena!", Baba alikuwa anakunywa chai. Chai yote ilimwagikia suruali. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema anaenda kumwona ng'ombe. Alikaa kwa ng'ombe muda mrefu sana. Hata hakuwa amebeba nyasi.

Huyo Marigu ndiye shida yangu ya leo. Yeye na nepi zake.

Hazikauki, Mama. Tumezianika nje zikarudi na maji mengi kuliko zilivyotoka. Tumezianika hapa juu ya meko, zinanuka moshi na bado ziko na unyevu. Wanja anazilalia ili zikauke kwa joto la mwili, na yeye mwenyewe ametoka kujifungua juzi. Mtoto ametokwa na vipele mapajani, akiguswa analia kama anachomwa. Na hapo kwa korido, hatua chache tu kutoka kitandani, iko draya yako, ile mashine ya kukaushia nguo, imefunikwa na leso, kimya, na hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa.

Baba ndiye aliyeing'oa kwenye soketi siku tuliyotoka kukuzika. Alisema vitu vya marehemu haviguswi mpaka vigawanywe, na vyako vitagawanywa kwa desturi ya kwenu: dada ya marehemu anachagua kwanza, na anachochagua hakibishaniwi. Nilidhani Tata atachagua zile gauni zako za kanisani, au ile seti ya vikombe. Kumbe.

Jana tulikuwa tunamenya viazi. Tata akasema tu, bila kuinua macho, "Mimi nguo sitaki. Mnipee ile mashine."

Kisu kilisimama mkononi. Kiritiri anakoishi, Mama! Kiritiri ambako ulituambia ukianika shati upande mmoja wa kamba, ukifika mwisho wa kamba la kwanza liko tayari kukunjwa. Ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli. Draya ya nini Kiritiri? Wanja alinifinya chini ya meza. Baadaye akaniambia, "Mimi nikisema nitaonekana nagombania vitu vya mama. Sema wewe. Wewe hakuna mtu anakukasirikia." Baba naye akasema desturi ni ya watu wenu, yeye ni mkwe, mdomo wake umefungwa. Kwa hivyo nimebaki mimi. Katika watu wote wa nyumba hii, mimi.

Unajua nilivyo. Wamama wakija na mabeseni yao ya nepi nilikuwa najificha nyuma ya mlango wa stoo mpaka waende. Yule daktari wa misheni uliyekuwa unamfulia alipokuachia hii mashine akirudi kwao, ilikuwa tayari nzee, nyeupe yake imegeuka rangi ya jino la babu, ndogo hata blanketi zima haimezi. Lakini kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kila mwenye mtoto mchanga kwenye mteremko huu alipitia mlango wetu. Walileta nepi, wewe ukazitia, wao wakakaa na chai, na wengine wakaleta ndizi au maziwa bila kuambiwa. Mvuke ulitokea kwa lile bomba la plastiki ulilolipitisha dirishani, kuku wakalala chini yake wakiota moto. Ulikuwa unanitoa mafichoni kwa nguvu: "Mukami, njoo usalimie. Ukinyamaza hivi watu watasema nakuweka kabatini." Nilikuja, nikasalimia viatu vyao, nikakimbia.

Na mahindi! Unakumbuka Baba na mahindi? Mvua ilikuwa imekataa kuisha, mahindi yakaanza kuota ukungu, Baba akayatia kwenye foronya, akaifunga kwa kamba ya katani, akaitumbukiza ndani ukiwa umeenda sokoni. Foronya ikafunguka. Mama Njeru wa jirani alitoka mbio kuanua nguo zake akidhani ni mvua ya mawe. Uliporudi ulisimama mlangoni na kikapu kichwani ukasema, "Mzee, sasa leta na ng'ombe tumkaushe." Tulizitoa punje zote isipokuwa moja, iliyoenda ikakwama mahali ambapo hakuna mkono unafika. Tangu siku hiyo mashine ikizunguka ilikuwa inalia ta-ta-ta, ta-ta-ta, na nikitoka shule nikiusikia huo mlio kutoka njiani nilijua uko nyumbani.

Asubuhi ile ya hospitali pia ilikuwa inalia. Ulitia nguo, ukavaa viatu, ukashika kifua kidogo, ukasema unaenda kupimwa tu na utarudi jioni. Nilitaka kutoa blauzi yangu ya shule. Ukasema lile neno lako la siku zote, "Usiifungue. Ngoja inyamaze." Ikanyamaza, Mama. Tulikuwa tumeshaondoka. Hakuna aliyeifungua mpaka leo.

Wananiita. Ukungu haujainuka lakini Tata amechoka kungoja.

*

Nimerudi.

Walitandika mkeka sebuleni, wakaweka vitu vyako juu. Vilikuwa vichache kuliko nilivyofikiria. Mama Njeru alikuwepo kama shahidi, na wamama wawili wa kwaya. Wanja alikaa pembeni na Marigu analia, analia, hanyamazi hata akipewa titi. Baba akaomba, halafu akasema, "Rwamba, ni wewe."

Tata hakuangalia mkeka. Alitoka akaenda kwa korido, akaweka kiganja juu ya ile leso, na sote tukainuka tukamfuata kama kondoo. Akasema, "Ni hii."

Wanja aliniangalia. Baba aliangalia sakafu. Nilijua nikingoja pumzi moja zaidi itakuwa imekwisha, na nilikuwa nimejipangia maneno mazuri tangu jana, Mama, maneno ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalipotea. Nikasikia sauti yangu inasema, kwa nguvu, "Tata, kwani Kiritiri jua limeisha?"

Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Mama Njeru ndiye aliyeanza kucheka. "Limeisha wapi! Huko Rwamba anakausha mbuzi akiwa bado anatembea!" Wamama wa kwaya wakaangua. Lakini Tata hakucheka. Aligeuka polepole akaniangalia.

"Huyu ni nani anaongea? Si ni yule bubu wa Marigu?"

Nikasema, "Ni mimi, Tata."

Nilidhani atanichapa. Badala yake midomo yake ikaanza kucheza. Akasema, "Wewe unadhani nataka kukausha nguo? Nguo za dada yangu nikizipeleka zitakaa kabatini zinyamaze. Kila nikija kwenu nilikuwa naisikia hii kabla sijafika kwa geti. Nilitaka kitu chake ambacho kinasema."

Sikuwahi kufikiria kwamba mtu mwingine pia alikuwa anaisikia kutoka njiani.

Nikasema, "Basi tuiwashe, uisikie."

Baba akatoa leso. Mimi nikafungua mlango. Harufu ilitoka ya nguo zilizofungiwa, na chini yake ile sabuni yako ya kipande. Blauzi yangu ilikuwemo, foronya mbili, na sweta yako ya kijani, imekumbatia vyote kama kawaida yake. Ilikuwa kavu kabisa. Ilikuwa kavu muda huu wote, ikitungoja. Tata aliichukua, akauficha uso wake ndani, akakaa chini hapo kwenye saruji baridi na hakuna aliyemwinua.

Nilitia nepi. Zile za juu ya meko, zote. Baba akaichomeka kwenye soketi, na nikaona akifunga macho kama mtu anayengoja majibu ya kipimo. Nikageuza kile kitufe. Ikaguna. Ikasita. Halafu ikazunguka, na kutoka ndani kabisa, ta-ta-ta, ta-ta-ta.

Na Marigu akanyamaza.

Hakunyamaza polepole kama watoto wanavyochoka. Alikata tu. Aligeuza kichwa upande wa korido, akafungua macho, akasikiliza. Wanja alikaa vile vile bila kupumua. Baada ya muda mtoto akalala, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tata alikuwa anamwangalia kutoka pale chini. Akafuta pua kwa kiganja. "Sasa hapo nitaibeba namna gani?" akasema. "Niende nayo huyu aamke? Wacheni ikae. Inaongea na mwenye jina." Halafu akainua ile sweta. "Nimechagua hii."

"Sweta, Kiritiri!" Mama Njeru akasema. "Utaivaa ukikaanga mayai kwenye jiwe?"

"Nitaivaa nikija huku," Tata akamjibu. "Kila mwaka mwezi wa saba. Nani amesema nimemaliza kuja kwa dada yangu?"

Ndivyo ilivyoenda, Mama. Tata sasa yuko chumbani, amelala na Wanja na mtoto kitanda kimoja, sweta kwenye mabega. Nepi zimetoka za moto. Nilimfunga Marigu moja na alinyoosha miguu kama mzee aliyefika nyumbani. Kwenye kile kichujio cha mashine nilikuta nyuzi za mzigo wako wa mwisho, utando laini, karibu wote wa kijani. Wewe ulikuwa unaziwashia moto kuni zikiwa mbichi. Nilizishika mbele ya meko kitambo. Kuni zilikuwa mbichi kweli. Nilirudi nikaziweka ndani ya foronya yangu. Moto niliupuliza mpaka ukashika.

Sijui kulala huko kukoje. Kama mnaweza kusikia, sikiliza, bado inazunguka, nimetia mzigo wa pili. Lala, Mama. Nakuahidi sitaiacha inyamaze mwezi wa baridi wakati kuna mtoto aliye na unyevu kwenye mteremko huu. Na nakuahidi lile lingine pia, lile ulilokuwa unaniomba wamama wakija, unalijua.

Ngoja. Kuna mtu anapiga hodi. Ni sauti ya mama kijana, simjui, nadhani ameona mvuke dirishani. Nasikia beseni likigonga ukuta. Wanja amelala, Tata amelala, Baba yuko kwa ng'ombe.

Usijali. Naenda mimi.

Mukami wako