Mume Wangu Anasema Si Yeye, Ni Jino

Mpendwa mshauri, sijui hata nianzie wapi, maana shida ni jino na wala si langu, ni la mume wangu Kisilu, aliyezibwa gego mjini Machakos kabla hatujaoana, kwa ile dawa ya rangi ya fedha, likatulia miaka yote, mpaka muuza mitishamba wa soko la Kathiani alipomwambia kwamba dawa hiyo ina zebaki, na zebaki hupanda kichwani ikamtia mtu huzuni na hasira. Tangu hapo, akirudi wikendi kutoka kiwandani Athi River, hunifokea kwa sababu chai imepoa au mtoto wetu Mwelu amecheka kwa sauti, kisha baadaye huja polepole, "Mama Mwelu, usiweke moyoni. Si mimi, ni jino." Mama mkwe humtetea, "Mwanangu alikuwa mpole kabla hawajamjaza chuma mdomoni," nami nabaki kuchemsha mwarobaini, kusaga karafuu, kumpa mafuta ya nazi asukutue, na kweli mdomo unanukia vizuri, ila maneno yanayotoka ni yale yale. Hajanipiga, lakini juzi alirusha sahani ukutani, karibu na Mwelu. Sasa yule muuza dawa ataling'oa jino hilo Jumamosi kwa koleo, Kisilu amefurahi, nami nilipaswa kufurahi, lakini nalia jikoni na sijui nalilia nini. Nimzuie au nimwache?

Mbithe, Kathiani

Mbithe, nakuhurumia, na pia umeniudhi. Kisilu alikuchumbia akiwa na jino hilo hilo, akakubembeleza nalo, akakuoa nalo. Na kiwandani, nina hakika, msimamizi akimkemea, jino hunyamaza. Ni jino gani hilo linalojua nani wa kufokewa?

Zebaki imo, sibishi. Lakini kuchokoa dawa iliyotulia ndiko hutoa mvuke wake, na koleo la sokoni huacha mzizi na usaha. Jino likimsumbua, aende kwa daktari wa meno. Karafuu hupoza maumivu kwa muda, mswaki wa mti husafisha, navyo naviheshimu. Wanaoviuza kama dawa ya tabia, hao siwaheshimu hata kidogo.

Unalia kwa sababu unajua. Jino likitoka Jumamosi naye akafoka Jumapili, hutakuwa na kitu kingine cha kulaumu. Ndiyo maana umesaga karafuu kwa bidii yote hiyo.

Acha kusaga. Mwambie mchana, mama yake akisikia: "Baba Mwelu, sahani ilirushwa na mkono." Mtake aende hospitali, aeleze hiyo huzuni na hasira bila kutaja jino, maana huenda anaumwa kweli, na ugonjwa huo una matibabu. Kung'oa au kutong'oa, mdomo ni wake. Ila akirusha kitu tena, mchukue mtoto uende kwa watu wenu siku hiyo hiyo, na usirudi kwa sababu tu umeambiwa jino limeng'olewa.