Rektamu ya baba mkwe

Jumatano, Kibaha

Miaka kumi na miwili ya unesi, na leo nimeshindwa kumtamkia baba mkwe neno puru. Kaletwa kutoka Kisarawe, anapata choo chenye damu, na daktari akataka nimweleze kipimo. Mkwe gani anataja habari za huko mbele ya baba mkwe?

Nikajificha kwenye Kilatini. "Baba, mwisho wa utumbo unaitwa rektamu, maana yake iliyonyooka. Wataalamu wa kale walipasua wanyama, wakakuta imenyooka. Kwa binadamu imepinda."

Akainamisha macho. "Sasa kama imepinda, mwanangu, kidole cha daktari kitapitaje?"

Tulicheka mpaka machozi. Kumbe alijua tangu mwanzo! Kesho atapimwa.

Kisha akauliza taratibu, "Ni kansa?" Hapo Kilatini changu kiliisha.