Tairi Lililoteuliwa kwa Teke

Makao Makuu, Idara ya Ununuzi
3 Machi

Kwako Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo. Nauliza kwanza hali yako na ya mgongo wako, kabla sijaingia katika lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni mzima. Ofisi ina kiyoyozi na kiti changu kinazunguka. Ningeweza kukupigia simu, lakini katika ngazi niliyofikia mambo huwekwa kwa maandishi. Lori la vifaa litaniletea jibu lako.

Nimekabidhiwa jukumu la kuteua matairi mapya ya pikapu zote kumi na mbili zinazohudumia minara ya simu. Nikilitekeleza vyema, nitathibitishwa kazini. Utaratibu unadai kwamba dereva mmoja mzoefu ashauriwe. Nimekuchagua wewe, kwanza kwa sababu ya damu, na pili kwa sababu madereva wengine, uniwie radhi, hawawezi kueleza jambo likaeleweka.

Naambatisha fomu. Tafadhali weka sahihi yako pale chini, basi. Sehemu ya maoni uiache wazi. Nitaijaza mwenyewe kwa lugha inayostahili kusomwa na wakubwa. Usijisumbue kufikiri, najua kazi zako ni nyingi.

Mwanao mtiifu,
Afisa Ununuzi Msaidizi (katika kipindi cha majaribio)


Kituoni
9 Machi

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale ulipouacha. Hapa kituoni wote ni wazima isipokuwa mbwa wa mlinzi, anayekohoa tangu juzi, na hata yeye anaendelea vizuri. Nimefurahi kusikia kwamba kiti kinazunguka. Angalia kisikutie kizunguzungu.

Fomu yako nairudisha kama ilivyokuja. Mimi huweka sahihi chini ya maneno niliyoyasema, si chini ya uwanja mtupu unaosubiri mtu aje ajenge. Lakini kwa kuwa umeambiwa umuulize dereva, nami ni dereva kwa mwaka wa ishirini na sita, haya hapa maoni. Usiyatie manukato.

Barabara yetu ya kupanda minarani ni kilomita arobaini. Kumi za mwanzo ni tope. Zilizobaki ni mawe yaliyopasuliwa na greda, makali kama chupa iliyovunjika. Nyuma napakia betri nane na mapipa mawili ya dizeli, na kiti cha pembeni anakaa fundi wa minara, ambaye peke yake ni betri ya tisa. Jiwe haliliumi tairi usoni, huliuma ubavuni. Kwa hiyo usianze na kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, ambavyo ninyi wa mjini huvitazama kama meno ya bibi harusi. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ukibonyea, lirudishe kwa mwenyewe. Tafuta lenye ubavu wa nyuzi nyingi, lenye kubeba uzito niliokutajia, na upana uwe uleule wa haya tuliyo nayo. Likiwa pana zaidi, siku gari lina mzigo na usukani umekatwa hadi mwisho, litakula madigadi na lenyewe litaliwa.

Halitakuwa zuri wa sura. Hatuendi kuliposa.

Shangazi yako,
ambaye mafundi humwita Mama Gia


Makao Makuu, Idara ya Ununuzi
17 Machi

Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo tena, na salamu kwa wote hapo kituoni, mbwa akiwamo. Nimeyasoma maoni yako kwa uvumilivu. Yana ladha ya mtaani ambayo mtu aliyeketi darasani miaka minne huizoea kwa shida, lakini nimeyachuja na kuyatafakari.

Naomba nikueleze jinsi uteuzi wa kisasa unavyofanyika. Nilitengeneza jedwali la vigezo na kuyapa alama matairi mawili yaliyofika hatua ya mwisho: lile jembamba unaloshabikia wewe, na pana lenye kashata kubwa. Katika kigezo cha mwonekano wa taasisi, jembamba lilipata alama mbili kati ya thelathini. Ubavu sikuuwekea kigezo, kwa sababu kidole gumba si kipimo.

Sikuishia kwenye karatasi. Tulilifunga tairi pana kwenye pikapu ya hapa ofisini, nami na mtunza ghala tukazunguka uwanja wa maegesho mara kumi. Gari halikuwa na mzigo, ili matokeo yasiingiliwe. Hakuna kilichogusa popote. Kisha Meneja alishuka mwenyewe, akalipiga tairi teke, akasema, "Hili ndilo." Mtu wa cheo chake hapigi teke ovyo, nami nimelinukuu katika taarifa kama tathmini ya kitaalamu.

Kuhusu fomu, ondoa wasiwasi. Muda ulikuwa umekwisha, nami sikupenda jina lako likose sifa. Nilijaza nyingine na kukuwekea sahihi. Maoni niliyokuandikia ni mazuri mno. Meneja ameshangaa kwamba tuna dereva mwenye upeo huo.

Mwanao mtiifu,
Afisa Ununuzi Msaidizi


Kituoni
6 Aprili

Mwana wa kaka yangu,

Wazima. Mbwa kapona.

Matairi yamefika. Kituo chetu ndicho cha kwanza kuyapata, nadhani kwa heshima ya upeo wangu. Yamevimba kama mtu aliyeamka na jino. Fundi wa pancha alipoyaona alikaa chini, akauliza kama ni ya trekta au ya maonyesho. Akalibonyeza moja ubavuni, akanitazama, akalibonyeza tena. "Mama Gia," akasema, "huyu aliyeyachagua ana watoto?" Nikasema hana. Akasema, "Afadhali."

Nimepanda nayo mara tatu. Tope yanalipita vizuri, sitakunyima haki yako. Lakini nikipakia, kila kona ya kukata usukani hadi mwisho, madigadi yanalia, na mpira unabaki juu ya bati kama unga. Ubavu umeshaanza kuchanika nyuzi.

Sasa sikiliza, na hapa sikutanii. Umeweka sahihi yangu chini ya maneno yako. Iondoe fomu hiyo. Nenda kwa Meneja wako umwambie umeandika wewe, kisha mturudishie matairi ya zamani, vipara vyake na vyote. Kipara nakijua. Haya siyajui, na yamepandishwa gari kwa jina langu.

Shangazi yako


Makao Makuu, Idara ya Ununuzi
28 Aprili

Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikiandaa wasilisho kuhusu zoezi hili la matairi, ambalo wakuu wamelitaja kuwa mfano wa kuigwa. Naamini afya yako ni njema, ingawa hasira za barua yako hazimfai mtu wa umri wako.

Nimeyapitia malalamiko yako kwa haki. Vituo kumi na kimoja vilivyobaki havijalalamika hata kidogo. Ni kweli kwamba vitapokea matairi yao mwezi wa sita, lakini dalili ni nzuri. Hivyo tatizo, kwa mantiki ya kawaida, liko katika mtindo wa uendeshaji. Napendekeza upakie nusu ya mzigo na upande mara mbili, ukate kona kwa upole, na mawe uyakwepe.

Kuhusu fomu, kuiondoa sasa kutaleta mkanganyiko ndani ya faili. Tarehe mosi Juni nitathibitishwa kazini. Nisingependa, na najua nawe usingependa, kijana wa kwanza wa ukoo wetu kufika ghorofa ya nne ashushwe kwa sababu ya nyuzi za mpira.

Mwanao mtiifu,
Afisa Ununuzi Msaidizi


Kituoni
12 Mei

Mwana wa kaka yangu,

Mimi ni mzima. Fundi wa minara si mzima. Mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili.

Jumanne tulikuwa tukishuka na mapipa matupu na betri mbovu. Wala haikuwa mzigo mzito. Kwenye kona ya tatu tairi la mbele lilipasuka ubavu, mpasuo wa urefu wa kiganja, na gari likavuta upande wa mtaro. Nililielekeza kwenye ukingo wa udongo badala ya bonde. Yule bwana alitanguliza mkono kwenye dashibodi. Alipotoka alisema, "Mama Gia, leo umeniokoa na umenivunja." Akacheka, kisha akatapika.

Jana ilikuja kamati ya watu watatu kutoka kwenu. Walinikalisha kwenye benchi la stoo, wakaweka mezani fomu yako. Nikajisomea nilichokisema: kwamba tairi pana "linaakisi dira ya taasisi na kumpa dereva fahari ya kazi." Kama ningekuwa nimeyasema maneno hayo, wangekuwa na haki ya kuninyang'anya leseni siku hiyohiyo. Wameniambia hivi: ikiwa nililiridhia tairi, basi sina la kulisingizia, na kosa ni langu la kulipakia. Nitafukuzwa bila mafao. Ikiwa sikuliridhia, niseme nani aliyeweka sahihi.

Nikaomba siku saba. Usidhani ni huruma. Mtu akijisaidia njiani, siyo kazi yangu kutangaza. Kazi yake ni kusafisha. Wanarudi tarehe kumi na tisa. Nenda ukaseme kabla sijaulizwa.

Shangazi yako


Makao Makuu, Idara ya Ununuzi
16 Mei

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole nyingi. Mfikishie pole zangu pia fundi wa minara, ambaye, nimearifiwa, hakuwa amefunga mkanda ipasavyo.

Nimelitafakari suala letu kwa utulivu, bila kuruhusu hisia. Wewe umebakiza miaka miwili kustaafu. Mimi nina miaka thelathini na mitano mbele yangu. Mtu yeyote aliyesoma hata kidogo ataona upande gani una hasara ndogo. Ukikiri kwamba uliridhia, utaondoka mapema kidogo tu, ukapumzishe mgongo, nami, nikishathibitishwa, sitakuacha uhangaike. Ukikana, tutaanguka wawili, kwa sababu kila mtu atauliza ni ukoo gani huu ambao shangazi anamchongea mwana wa kaka yake.

Ili kukupunguzia taabu ya kutunga, nimekuandalia maelezo ya ukurasa mmoja. Nimeyaandika kwa sentensi fupi ili yaonekane ni yako. Weka sahihi pale chini.

Nakuomba pia usiniandikie tena kuhusu mtu kujisaidia njiani. Barua hufunguliwa mapokezi.

Mwanao akupendaye


Makao Makuu, Idara ya Ununuzi
3 Juni

Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na afya na furaha, nikitaraji nawe hujambo, licha ya ukimya wako.

Nimearifiwa uliyoyasema tarehe kumi na tisa. Nimeambiwa ulitamka mbele ya kamati kwamba sahihi si yako bali ni yangu, na kwamba uliandika ya kwako mara tatu ili wailinganishe. Nilipolisikia hilo sikulala. Kumbe niliwadharau wenzangu bure. Mwenyekiti alikusikiliza hadi mwisho, akafunika kalamu yake, akasema karatasi zimetosha. Ni mtu mwenye busara. Alitambua kwamba kulihoji tairi ni kumhoji aliyelipiga teke.

Taarifa imetoka. Kamati imebaini kwamba chanzo cha ajali ni barabara. Wewe huna kosa, mimi sina kosa, na barabara itaandikiwa barua kupitia mamlaka husika. Mosi Juni nimethibitishwa rasmi. Pikapu yako imetengenezwa na kufungwa tairi jipya la aina ileile, maana ghalani yamejaa, na vituo vingine vinaanza kupelekewa wiki hii. Unatakiwa kurudi barabarani Jumatatu.

Kwa yale uliyonitendea, nimekusamehe. Mtu akipanda ngazi hujifunza kutobeba vinyongo.

Mwanao,
Afisa Ununuzi


Kituoni
10 Juni

Afisa Ununuzi,

Salamu utazikuta kwa wengine.

Jumatatu mkuu wa kituo alinikabidhi ufunguo. Nililizunguka gari mara moja. Fundi wa minara alikuwa amekaa barazani, mkono kwenye plasta, akinitazama bila kusema neno, na hilo kwake ni kazi kubwa. Nikafunga mlango wa gari. Mkuu akasema, "Mama Gia, usiponiendeshea leo, hiyo ni kuacha kazi, na mafao yako yanakwenda nayo." Nikamwomba karatasi. Nimeandika mistari miwili: kwamba nimeacha, na kwamba sababu ni matairi. Akanibembeleza nifute mstari wa pili. Hakuufuta, wala mimi sikuufuta. Dereva wa lori atapitisha nakala vituo vyote kumi na kimoja, kila dereva asome kabla ya kufungiwa yake. Wewe unasema hawawezi kueleza jambo likaeleweka. Utawaelewa.

Maelezo uliyonitungia kwa sentensi fupi nimemwachia fundi wa pancha. Amebandika ukutani, juu ya tairi lililopasuka. Wateja wanasoma wakisubiri.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Betri nane ziko stoo, na mnara wa juu umezimika tangu jana. Kwenye fomu jina ni langu na mkono ni wako, kwa hiyo mkono huo uje ushike usukani. Pakia mzigo kamili, kama jedwali lako linavyosema gari linaweza. Chukua na maji ya kunywa. Kutoka kona ya tatu kurudi kituoni kwa miguu ni saa tano.

Shangazi yako