Ameshatembea, Sista

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Huku Kilolo tuko wazima, babu yako amemaliza kupanda viazi, na Jumapili kanisani tumekutaja wewe na kichanga chako. Umeniuliza kama manesi wa huko Mbeya wanakuonea kukuamsha utembee, wakati umejifungua kwa kupasuliwa juzi tu.

Mdogo wangu Anyesi alipopasuliwa tumbo, mimi ndiye niliyemuuguza. Nesi alituagiza asilale tu, atembee kidogo kidogo, matumbo yaamke, yasije yakashikana kwa makovu ya ndani. Mimi nikajifanya najua. Anyesi akasema, "Dada, nisimamishe basi, nimechoka kulala kama gunia."

"Lala wewe! Mshono ukifumuka, utaushona mwenyewe?"

Akacheka huku ameshika tumbo. Nesi alipopita kuuliza, nikamjibu, "Ameshatembea, sista, mpaka mlangoni."

Baadaye utumbo ulishikana ukaziba, akapasuliwa tena. Daktari alisema makovu hayo humpata hata aliyetembea, wala hakunilaumu. Lakini mpaka leo Anyesi anaogopa ugali, usije ukamziba tumbo tena. Sisi tukila, yeye anakunywa uji, nami namwangalia.

Basi amka, mama, polepole, hata hatua tano. Mungu nimemwomba msamaha kwa uongo ule. Anyesi mwenyewe bado, maana kila nikianza ananikatiza: "Dada, acha hayo. Si wewe uliyeniuguza?"

Bibi yako