Hendeli ya Tenki Namba Mbili

Mpendwa Mama Martina, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu baada ya hapo sijui kama ushauri utakuwa na kazi tena, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina mke na watoto watatu, nafanya kazi kwenye bohari ya mafuta hapa Katoro, na kipindi chako nakisikiliza kila Alhamisi nikiwa zamu ila sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa mimi ndiye naandika.

Mama, kazini kwetu kuna matenki matatu ya chuma, marefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na ndani ya kila tenki, juu karibu na paa, kuna boya, mafuta yakikaribia kujaa yanalinyanyua lile boya na king'ora kinalia, tunafunga valvu. Ili kujua kama king'ora ni kizima hatusubiri tenki lijae, kuna waya umeteremka kutoka kwenye boya kupitia bomba jembamba mpaka chini na mwisho wake ni hendeli, kila Jumatatu unasimama zako chini unavuta, boya linanyanyuka, king'ora kinalia, unaachia, unaandika kwenye daftari "kimejaribiwa kutoka chini" na kuweka sahihi. Hakuna mtu kupanda. Hiyo ndiyo kazi yangu, na mwenzangu alikuwa Magesa, tumetoka wote Shinyanga, tulikuwa tunakula sahani moja.

Sasa mwezi wa tatu pikipiki ya jirani yangu iliibiwa mchana kweupe, nikaogopa, nikawa naingiza yangu ndani kwa siri, maana ni marufuku pikipiki kusogea kwenye matenki, naifunga mnyororo kwenye bomba la hendeli ya tenki namba mbili, tenki la petroli. Siku moja stendi ilizama mchangani ikaanguka na mnyororo wake, bomba likapinda, waya ukabana, ukivuta hendeli haiji. Nilijua nikisema nafukuzwa, kwa hiyo nikamwambia Magesa kaka tufanye hivi kwa muda, wewe ni mwepesi, panda, funua mfuniko ulinyanyue boya kwa mkono, mimi nabaki chini nasikiliza na kuandika. Alinicheka akasema, "Hiyo pikipiki unaipenda kuliko mkeo," akapanda. Mama, alipanda miezi minne.

Alikuwa akishuka anashika kichwa, anasema akifunua mfuniko ule mvuke unampiga usoni na dunia inazunguka. Alimsimulia hadi shangazi yake, Bi Nyamizi, aliyemlea tangu mama yake afariki hadi akawa anamwita Mayu, yaani mama, na Jumapili moja akaniambia, "Mayu kanikataza kwa simu, kasema nisipande tena kule," nikamjibu panda kesho tu, halafu naita fundi. Hiyo kesho gari la mafuta lilichelewa, tukajaribu saa sita jua likiwa kali na tenki limetoka kujazwa, akafunua, akainama, king'ora kikalia, nikaanza kuandika. Mama, nilikuwa naandika ndipo nikasikia kishindo chake kwenye zege. Alifia njiani kuelekea hospitali.

Ofisi iliponiuliza alifuata nini juu nikasema sijui, na daftari lilionyesha hendeli ni nzima, basi wakaandika kwamba alipanda bila ruhusa. Msibani nikaombwa niseme neno kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, nikasema hata mimi nilishangaa kumwona kule juu. Neno hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu Mayala, kaka wa marehemu, amelishika, anasema mtu mwenye akili zake hapandi tenki wakati hendeli iko chini, lazima aliitwa. Wamekwenda kwa mganga wakaambiwa aliyemroga ni mwanamke wa ndani ya ukoo aliyeijua siku ya kifo. Na Bi Nyamizi ndiye aliyemkataza asipande, wanauliza, alijuaje kama si yeye? Yule mama analia anasema Magesa alimwambia mwenyewe kwamba kule juu anazidiwa, hakuna anayemsikia.

Juzi Suzana, mjane wa Magesa, amenipigia, Jumamosi kuna kikao cha ukoo kijijini kwetu Shinyanga na wananihitaji nikarudie yale niliyosema msibani, na Mayala kasema siku hiyo hiyo wanalimaliza. Bi Nyamizi halali tena nyumbani kwake. Mama, nikisema kweli nitafungwa na wanangu watakula nini, na Mayala anaweza kunigeuzia mimi panga. Nisiposema, wewe unajua kwetu wanavyowafanya wazee wa namna hiyo. Usiku sipati usingizi, kazi nafanya hivyo hivyo, Jumatatu iliyopita tumejaribu king'ora cha namba mbili kama kawaida nikaweka sahihi. Je, nikisema naumwa nisiende kabisa, nitakuwa nimekosa?

Ni mimi msikilizaji wako, Katoro.

*

Marahaba, baba.

Majina nimeyabadilisha na kijiji nimekificha, lakini barua nimeisoma hewani yote, kwa sababu nimekupigia tangu jana asubuhi na hupokei. Najua sasa hivi uko zamu na redio iko wazi. Usiizime.

Nianze na swali lako la mwisho, maana limenitia hasira kuliko yote. Ukisema unaumwa, kikao kitafanyika bila wewe. Neno lako la msibani wanalo tayari, hawahitaji uende kulirudia. Kukaa kwako nyumbani hakutakuwa kimya, kutakuwa ni kusema mara ya pili kwamba ulishangaa. Kwa hiyo ndiyo, utakuwa umekosa, na safari hii hutakuwa na boya wala waya wa kusingizia.

Nakuonea huruma, nisikufiche. Ulimpenda Magesa. Hukumtakia kifo, ulitaka kuokoa kibarua chako na pikipiki yako, na sisi wote tuna pikipiki zetu tunazozificha mahali. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwako kifo kimeshakuja, kimepita, na bado unaficha! Suzana ameachiwa jina la mume mkaidi aliyejipandia bila ruhusa, wakati alipanda kwa sababu ulimtuma. Na mzee wa watu, Bi Nyamizi, anahukumiwa kwa kosa la kusema jambo la akili. Hebu tazama. Katika watu wote waliolijua tenki lile ni mmoja tu aliyemwambia Magesa usipande, na huyo hajawahi hata kuliona. Ninyi mliokuwa nalo kila siku mlinyamaza, na sasa anaulizwa alijuaje. Alijua kwa sababu alimsikiliza mtoto wake. Wewe pia ulimsikia.

Nimemuuliza fundi wa matenki kuhusu hendeli hiyo. Akaniambia iliwekwa kwa sababu moja, kwamba asiwepo mtu wa kufunua mfuniko na kuvuta mvuke wa petroli. Ukivuta ikakataa, au king'ora kisipolia, tenki linafungwa, halipokei mafuta hata lita moja mpaka litengenezwe. Hakuna "kwa muda". Sasa nimeisoma barua yako mara tatu, baba, na hakuna mahali umesema bomba limenyooshwa. Umesema Jumatatu mmejaribu kama kawaida. Nani alipanda?

Kama ulipanda wewe kwa kujiadhibu, acha, watoto wako hawahitaji baba wa pili kwenye zege lile. Kama ulimpandisha mtu mwingine, sina neno la kukuambia ambalo redio itaruhusu. Inuka sasa hivi uende kwa msimamizi wako, mwambie tenki namba mbili lifungwe na kwa nini. Mwonyeshe bomba. Usisubiri kipindi kiishe.

Ukitoka hapo nenda polisi ukaandikishe maelezo, yote, pamoja na miezi minne ya sahihi. Kesho panda basi la kwanza kwenda Shinyanga. Usiende kijijini peke yako. Polisi wa dawati la jinsia pale nimeongea nao jana, na mtendaji wa kijiji pia, wanakusubiri, na Bi Nyamizi ameshahamishiwa mahali salama kwa sasa. Nimesema kwa sasa. Askari wataweza kukaa kijijini Jumamosi, pengine na Jumapili. Halafu wataondoka, na mama yule atarudi kwenye nyumba yake na majirani wale wale na Mayala yule yule. Hakuna askari anayeweza kulitoa lile neno vichwani mwao. Uliliweka wewe, utalitoa wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu wale wale.

Kazi utafukuzwa, na mahakamani pengine utafika. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli mambo yatakuwa mepesi. Mweleze mkeo leo, asiyasikie sokoni. Wanao watakula kwa tabu kwa muda, lakini watakula. Mayala atakasirika, na ana haki, ndiyo maana utakuwa na askari pembeni. Ila hasira yake itakuwa imempata mtu aliyekosa.

Nina moja la mwisho, kwa sababu nawajua wanaume wa aina yako. Utasimama mbele ya ukoo, utaona uso wa Suzana, utaanza na pole, utaingia kwenye mapenzi ya Mungu, kazi yake haina makosa, na watu wataitikia amina kabla hujafika kwenye jambo lenyewe. Halafu utakaa chini, na Bi Nyamizi atakuwa bado ni mchawi.

Pole isubiri. Anza na pikipiki.